Wiki Magdalena Alipolala Kwetu

Picha ile ilikuwa na harufu yake. Wengine wakikumbuka picha za kanisani hukumbuka rangi na dhahabu, lakini mimi nikimkumbuka Magdalena wa jumuiya yetu kinachonijia kwanza ni harufu: mbao iliyokaa mahali pasipo na hewa, moshi wa mishumaa ya miaka mingi, na kitu kingine kikali kidogo, kama mafuta ya rangi ambayo hayakuwahi kukauka sawasawa. Alipoingia katika fleti yetu ya ghorofa ya nne kule Barking, harufu hiyo ilichanganyika na ya ndizi za kuchemsha na ya sabuni ambayo Mama alifulia sare zake za kazi ya kutunza wazee, ikakaa sebuleni wiki nzima. Mpaka leo nikiingia katika kanisa la zamani lenye unyevu, najikuta nimerudi sebuleni kwetu kabla sijafanya hata ishara ya msalaba. Msimu ule wa Kwaresima, nilipokuwa na umri wa miaka kumi, ndio uliovunja nyumba yetu, na ilivunjika huku watu wakiimba na Mama akiwapakulia chakula.

Jumuiya yetu ilikuwa ya familia chache za Kikatoliki zinazosema Kiswahili, zilizotawanyika kati ya Stratford, Barking na Ilford: Wahaya kama sisi, Wachaga, Wakenya kidogo, na mama mmoja wa Kikongo ambaye sauti yake iliwafanya wengine wote waone aibu kuimba. Tulisali nyumba kwa nyumba kila Ijumaa, kwa zamu, kama ilivyo desturi Tanzania. Mwenyekiti alikuwa Mzee Protasi, katekista wa zamani wa Bukoba, ambaye hapa London alikuwa mlinzi wa duka kubwa pale Stratford, na awe kazini au kwenye sala, sauti yake ilikuwa ileile ya kupanga watu foleni. Padri wa parokia, mzee wa Kiayalandi, aliikuta ile picha siku moja akisafisha stoo ya kanisa. Akatuambia kwamba ni nakala ya kazi ya zamani sana ya Italia, haina thamani kubwa sokoni lakini ni nzuri kwa kutafakari, akatukabidhi. Mzee Protasi akaamua kwamba kila Kwaresima Maria Magdalena atatembea, kila familia ikae naye wiki moja, na Ijumaa ya wiki hiyo sala zifanyike mbele yake.

Tatizo lilikuwa bega. Mchoraji alimchora mtakatifu akiwa peke yake gizani, nywele zimemwagika, macho yamevimba kwa kilio na kuelekea juu, mkono mmoja juu ya fuvu la kichwa cha mtu, na kando yake kikopo cha marhamu. Mwanga ulimwangukia kutoka upande mmoja tu, na ulipoangukia ndipo palipokuwa na tabu, maana nguo ilikuwa imeteleza begani na kuendelea kuteremka. Mama Jovina, mke wa Mzee Protasi, alisema hawezi kusali rozari akitazamana na kifua cha mtu. Akaleta kanga yake nzuri, ya rangi ya zambarau kwa heshima ya Kwaresima, akaifunga juu ya fremu, akaipitisha begani na kuibana kwa pini nyuma ya mbao. Vikabaki uso, machozi, ule mkono na lile fuvu. Padri alipomwona hivyo alicheka mpaka akashika ukuta, akasema mtakatifu sasa amepata uraia wetu. Kina mama hawakucheka. Kwao kumsitiri mwanamke lilikuwa jambo la kawaida tu, kama kumfunika mtoto aliyelala.

Zamu yetu ilipofika Baba ndiye aliyempandisha ngazi, kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu. Alimbeba mgongoni, amemfunga kwa kamba, na kila ghorofa alisimama kuvuta pumzi na kutangaza kwa sauti kwamba mwanamke huyu bado hajatubu hata dhambi moja, anazo zote, ndiyo maana ni mzito hivi. Nilimfuata nyuma nikicheka huku nimeshika pembe ya fremu. Nataka msomaji ajue hili: Baba alikuwa mtu wa kuchekesha na kupendwa. Alikuwa dereva wa basi, na abiria wazee walimsubiri yeye wakaacha basi la mbele lipite. Alinisuka nywele vibaya asubuhi ambazo Mama alikuwa zamu, akaniambia nikiulizwa niseme ni mtindo mpya. Ukisikia yanayofuata utamtafuta mtu mwingine ndani yake, mtu katili aliyejificha, na hutampata. Alikuwa huyuhuyu.

Wiki ile tulipomlaza Magdalena sebuleni, kitanda cha dada yangu Editha kilikuwa kitupu tangu Novemba. Editha alikuwa na miaka kumi na sita. Yeye alizaliwa Bukoba akaletwa akiwa mdogo, mimi nilizaliwa hapa, kwa hiyo kati yetu wawili yeye ndiye aliyekuwa na Kiswahili chenye meno. Mimi nilikuwa nikijibu kwa Kiingereza, yeye alikuwa akibishana kwa Kiswahili, na Baba hilo lilimkera na kumpendeza kwa pamoja. Jumamosi moja Editha alichelewa kurudi kutoka Ilford, na Mama Jovina alikuwa amekwisha kupiga simu kusema amemwona dukani na mvulana. Baba alimsubiri. Nyuma ya mashine ya kupashia chakula tulikuwa na waya wa pasi iliyoharibika, uliokatwa na kukunjwa mara mbili. Sote tulijua kazi yake. Alimchapa mgongoni na mabegani, naye hakukimbia, alisimama akimtazama, na nadhani hilo ndilo lililomfanya Baba asijue pa kuachia. Mama aliishia kuuning'inia mkono wake. Mimi nilikuwa mlangoni na soksi moja mkononi, sijui hata nilikuwa naipeleka wapi.

Mwalimu wa michezo aliziona alama wakati wasichana wakibadili nguo. Akamwuliza, na Editha akasema kweli, kwa kuwa alikuwa ameulizwa. Kufikia jioni watu wa ustawi wa jamii, ambao sisi tunawaita sosho, walikuwa sebuleni kwetu na vitambulisho shingoni, na Editha hakurudi nyumbani siku hiyo. Walimpeleka kwa mama wa kulea huko Ilford, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu na aliyekuwa bado na Kiswahili cha jikoni. Editha aliniambia miaka mingi baadaye kwamba mama yule alikuwa akifungua pazia kila asubuhi na kumwuliza, wewe iko sawa, na kwamba katika mambo yote yale hakuna mwingine aliyemwuliza swali hilo.

Baba aliwaambia polisi kwamba hakumgusa mtoto. Alama zile, alisema, amezipata kwingine, pengine kwa huyo mvulana wake, na sasa anamsingizia baba ili apate uhuru. Mama alisema alikuwa jikoni na hakuona kitu. Mimi hakuna aliyeniuliza. Kazini wakamsimamisha Baba wakisubiri uchunguzi, naye akawa anashinda kwenye kochi na sare yake ya udereva imepigwa pasi mlangoni. Habari ikaenea katika jumuiya kabla ya Jumapili, na ilipoenea ilikuwa imekwisha kupata jina: Editha amemuuza baba yake kwa Wazungu. Watu walituletea chakula kama msibani. Walisema sosho watamchukua na huyu mdogo, wakaninyooshea kidole, na usiku nililala na viatu kitandani nikidhani nitakuja kuchukuliwa bila kupewa nafasi ya kuvivaa.

Mzee Protasi alikuja na suluhisho, na naamini alilileta kwa moyo mweupe. Alisema Wazungu hawajui kusuluhisha, wao wanajua kutenganisha. Kwetu mtoto aliyemkosea mzazi huletwa na wazee, hupiga magoti, huomba msamaha, mzazi humwekea mkono kichwani, na jambo halitajwi tena. Amelifanya mara nyingi kigangoni na halijawahi kushindikana. Na Mungu mwenyewe, alisema, amepanga Magdalena awe nyumbani kwenu Ijumaa hii. Editha atakuja, ataomba msamaha mbele ya mtakatifu aliyetubu, kisha atawaambia sosho hivyohivyo, atarudi nyumbani. Walikaa wazee wanne na kina mama watatu, wakanywa chai wakalijadili, na hakuna aliyeuliza mtoto amekosa nini. Waliruka swali hilo kama mtu anavyoruka ngazi anayoijua imevunjika.

Kazi ya kumshawishi aliachiwa Mama. Nilikuwa nafanya hesabu za shule kwenye meza ya jikoni alipompigia simu. Aliongea kwa sauti ya chini, ameegemea jokofu, mgongo umenielekea. Alimweleza kwamba kazi ya Baba ikipotea tutatolewa nyumba, kwamba mimi ninalia kila siku, na hilo lilikuwa kweli. Kisha akasikiliza. Nilichosikia baada ya hapo sijakisahau hata neno.

“Najua, mwanangu,” alisema. “Nilikuwepo, niliona. Sema tu, yaishe.”

Ijumaa ilipofika sebule ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye sakafu ya koridoni. Magdalena aliegemezwa kwenye kabati la televisheni, kanga imenyooshwa vizuri, mishumaa miwili mbele yake. Tulisali Njia ya Msalaba yote. Kisha Mzee Protasi akasimama akatusimulia habari za mwanamke huyu: jinsi alivyokuwa mchafu wa mji mzima, jinsi alivyolowesha miguu ya Bwana kwa machozi na kuifuta kwa nywele zake, jinsi alivyosamehewa dhambi nyingi kwa kuwa alilia machozi mengi. Alinyoosha mkono kwenye picha kama mwalimu anayeonyesha ramani. Editha aliingia wakati huo. Alikuwa amevaa koti la shule na amefunga nywele nyuma, na alikuwa amekonda. Mama wa Kisumu alibaki chini kwenye gari lake. Nilitaka kumrukia lakini Mama Jovina alinishika bega.

Baba alikuwa kwenye kiti katikati, amevaa suti. Editha alipiga magoti kwenye zulia kati yake na picha, na badala ya kumtazama Baba alimtazama Magdalena, akamtazama mpaka watu wakaanza kukohoa. Halafu akasema, kwa Kiingereza, haraka, kwamba alidanganya. Mzee Protasi akamwambia kwa upole aseme kwa Kiswahili ili wazee wote wasikie. Nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa nimeona waya ule ukipanda na kushuka, na bado niliomba kwa nguvu zote aseme, kwa sababu nilimtaka kitandani kwake, ng'ambo ya chumba, akinikoromea.

“Nilidanganya, Baba. Hukunipiga. Naomba unisamehe.”

Baba alianza kulia kabla hajamaliza. Alilia kweli, mabega yanatikisika, akamwekea mikono yote miwili kichwani, na mama wa Kikongo akapiga vigelegele, na wimbo ukaanzishwa na watu wakasimama. Mama alilia amejifunika uso kwa kitambaa cha vyombo. Mzee Protasi alivua miwani akaifuta. Nililia na mimi kwa furaha. Asiyelia alikuwa Editha peke yake. Alikaa magotini, macho makavu, akingoja mikono iondolewe kichwani kwake. Kisha pilau ikapakuliwa. Alikula kidogo, akamshukuru kila aliyempa kitu, kama mgeni aliyelelewa vizuri.

Jumatatu aliwaambia sosho maneno yaleyale, nao, wakiwa na mafaili mengine mengi, walikubali. Baba akarudi kwenye basi lake. Kabla ya Pasaka Editha alikuwa kitandani kwake, na nilimwomba nilale naye, akasogea ukutani akanipisha. Mama alikuwa amekwisha kuutupa waya wa pasi kwenye shimo la taka la jengo asubuhi ya Jumamosi, kesho yake baada ya sala ile. Nilisikia ukigonga kuta mpaka chini. Na Baba hakumchapa tena Editha, wala hakunigusa mimi, kamwe. Mtu angesema basi, kumbe ilisaidia. Lakini hilo nalo likawa ushahidi dhidi ya Editha: Mama Jovina alisema mwanaume mwenye mkono wa kupiga haachi hivihivi, kwa hiyo mnaona, hakuwa hata ameanza. Kila Kwaresima, Magdalena alipotolewa, Mzee Protasi alimtaja Editha kwa jina kama mfano wa neema, na Editha alikaa palepale akitazama viatu vyake. Aliacha kusema Kiswahili. Sikuelewa mara moja, nilidhani ni mambo ya shule, lakini tangu Ijumaa ile akiulizwa kwa Kiswahili alijibu kwa Kiingereza, kwa adabu, na akaendelea hivyo mpaka akatimiza miaka kumi na minane na kuondoka na begi moja na jozi mbili za viatu. Anaishi kaskazini, mbali. Ana mtoto wa kiume ambaye Baba hajamshika. Hunitumia salamu siku yangu ya kuzaliwa, na nikimpigia simu huwa hapokei.

Jumuiya ile haipo tena. Mzee Protasi alirudi Bukoba akafia huko, wengine walihamia miji yenye kodi nafuu, na picha ilichukuliwa na familia moja ambayo sijui ilielekea wapi. Siku moja, mwaka juzi, nilikuwa kanisani hapa Barking na watoto wangu, na padri kijana alihubiri habari za Maria Magdalena. Alisema Injili haikusema mahali popote kwamba alikuwa mwanamke mchafu. Yule aliyelia miguuni pa Bwana hakutajwa jina. Watu wa baadaye ndio waliowachanganya, wakambandika Magdalena dhambi ambazo hakuna aliyewahi kuziona, na wachoraji wakamchora akizililia karne kwa karne. Alilisema kama jambo la kupendeza, la kutufurahisha tujue. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukuta wa maegesho. Mtoto wangu mkubwa alinifuata akaniuliza kwa Kiingereza kama naumwa, nikamwambia hapana.

Mama alifariki mwaka jana. Editha alikuja mazishini, akasimama nyuma kabisa, na watu walipopanga mstari wa kutoa pole alipita mbele ya Baba, akampa mkono, akamwambia pole kwa Kiingereza kama anavyoambiwa mtu usiyemjua. Hakukaa kula. Niliona Baba anavyomfuata kwa macho mpaka gari likakata kona, amesimama na mkono umekunjuka nusu, na kwa mara ya kwanza maishani nilidhani bado kuna nafasi. Ni mzee sasa, amepungua, magoti hayamfikishi hata ghorofa ya pili bila lifti. Kwa wanangu ni babu ambaye hajawahi kupandisha sauti. Nilijiambia kwamba kinachohitajika ni sentensi moja tu, na kwamba mwenye sentensi hiyo bado yu hai.

Nilikwenda kumwona baada ya wiki chache, nikampikia, nikakaa naye. Nikamwambia Baba, mpigie Editha simu. Usimweleze mengi. Mwambie tu kwamba siku ile alisema kweli. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira zake, au kwa kilio, au anyamaze tu. Alinitazama kwa mshangao, kama mtu anayeombwa arudishe kitu ambacho hakuwahi kukopa.

“Lakini alikiri mwenyewe, Dativa, mbele ya watu wote,” alisema taratibu. “Na mimi nilimsamehe siku ileile.”

Nilimchunguza uso muda mrefu, nikitafuta mahali panapotetemeka, jicho linalokwepa, chochote. Hapakuwa na kitu. Zamani, kwenye kochi lile, na sare yake imening'inia mlangoni, alikuwa anadanganya na alijua. Ningeweza kumlilia, ningeweza hata kumchukia. Sasa hadanganyi. Neno tulilolitoa kinywani mwa dada yangu akiwa amepiga magoti ili arudi nyumbani limekaa ndani ya Baba miaka yote hii mpaka limekuwa ndiyo kweli aliyonayo, na Mama, ambaye ni yeye tu angeaminiwa akimwambia vinginevyo, tumemzika. Siku ya Baba ikifika, Editha huenda atakuja tena kusimama nyuma, nami nitakuwa mbele nikipokea pole, na Baba atakuwa amekwenda kwa amani kabisa, amani ya mtu aliyesamehe.